Kimbunga kinakuja, kuku niwaweke wapi?

Habari wakuu. Niko kisiwani Mafia, TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wametangaza kimbunga. Banda langu ni la makuti na nina mtetea anaatamia. Nifanyeje?

— Pole dada. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, sisi kuku tuliwahamishia jikoni usiku kabla ya upepo, wamelala. Ukingoja mvua ianze, humkamati hata mmoja. Anayeatamia mbebe na kiota chake, umfunikie tenga gizani; hasusi mayai. Na usiwaweke karibu na minazi, tafadhali!

— Jaza maji madumu, chaji simu, vyeti funga kwenye nailoni. Bati lililolegea lipigilie leo.

— Ahsanteni sana. Upepo ukitulia ghafla, niwafungulie?

— Hapana! Huenda ni jicho la kimbunga, yaani sehemu tulivu ya katikati yake. Upepo unarudi kwa upande wa pili. Subiri TMA watangaze.