Naomba ushauri: dramu ya breki ya nyuma ya bajaji imegoma kutoka

Habari za jioni wakuu. Niko Moshi, Pasua, na bajaji ndiyo inayonilisha mimi na wanangu. Tangu juzi nikikanyaga breki tairi la nyuma kushoto linasaga, chuma kwa chuma. Nahisi breki shuu (vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani) zimekwisha, nikaamua kufungua mwenyewe nyumbani.

Tairi la mbele nimelizuia kwa mawe, nikapiga jeki na kuweka gogo chini ya bodi. Tairi lilitoka bila shida. Kazi iko kwenye dramu. Pini nimetoa, nati kubwa ya katikati ikakubali baada ya kuongeza bomba kwenye spana, lakini dramu yenyewe haitikisiki. Kwenye meno ya ekseli naona kutu nyekundu imeshikana na tope kavu. Nimemwagia dizeli tangu asubuhi.

Jirani anasema nigonge kwa nyundo. Naogopa, dramu ni chuma cha kumimina, ikipasuka nitaumia zaidi.

Aliyewahi kukutana na hili alifanyaje? Nianze kwa kulegeza breki kabisa, au nitafute fundi mwenye kifaa cha kuvuta dramu itoke? Kesho alfajiri nina abiria wa kupeleka Kiboriloni sokoni.