Naomba ushauri: maneno ya falsafa kwa Kiingereza yananichanganya

Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Kiingereza cha kupiga stori sio tatizo, ila nimeanza kusoma falsafa kwa Kiingereza nikakuta maneno ninayoyajua yamegeuka maana. Mfano "argument", mi nilijua ni watu wanagombana, kumbe kule ni hoja tu, sababu kadhaa zinazokufikisha kwenye hitimisho, hakuna aliyenuna.

Kinachonitesa zaidi ni "valid" na "sound". Nimeelewa hivi, mnisahihishe: samaki wote wanaruka angani, papa ni samaki, kwa hiyo papa anaruka angani. Eti hiyo ni "valid" maana ukishakubali zile mbili za mwanzo huwezi kukataa ya tatu, ila sio "sound" kwa sababu ile ya kwanza ni uongo mtupu. Sasa kwa Kiswahili mnazitofautishaje, maana kamusi yangu zote mbili inaniandikia "sahihi" basi nabaki pale pale.

Yale marefu kama "epistemology" (falsafa ya maarifa) wala hayanisumbui, ukijua episteme ni maarifa kwa Kigiriki umemaliza. Ila "ethics" na "morals", yote mawili ya mambo ya maadili, duh! La kwanza limetoka Kigiriki, la pili Kilatini, na Cicero, yule mwandishi wa Kirumi wa zamani, ndo alitunga moralis kutafsiri lile la Kigiriki, sasa kama ni tafsiri tu hiyo tofauti wanayoisema inatoka wapi?

Nikariri orodha ya maneno kwanza au nisome tu nikikwama ndo nitafute? Na kamusi ya kawaida inatosha au nitafute ya falsafa yenyewe?