Yule bwana wa "jambo moja dogo" katuharibia darasa la video na Glasgow. Nina hasira mpaka masikio yanawaka!

Wakuu, naandika nikiwa bado ofisini, sijala, vumbi la chaki limejaa kwenye kioo cha simu. Yule bwana mnamjua. Simtaji, mods wasije wakaufuta uzi, ila ni yule wa suti ya kijivu ambaye hata kwenye msiba wa watu lazima apewe maiki. Huyo huyo.

Leo darasa la sita walikuwa waongee kwa video na wenzao wa Glasgow, Uskoti. Sisi saa nane mchana, wao saa tano asubuhi. Bando tumechangishana walimu, projekta tumeazima parokiani, spika ni ya kijana anayepiga muziki harusini. Watoto wamefanya mazoezi ya Kiingereza mpaka mbuzi wa jirani sasa wanasalimia kwa Kiingereza. Kuna binti swali lake aliliandika kwenye kikaratasi: "Mvua ikinyesha sana, na nyie mnasamehewa kuchelewa?" Kakishika tangu asubuhi, wino wote umehamia kiganjani.

Picha ikakamata. Wenzao hao ukutani, na masweta yao, wanapunga mikono. Yule bwana, ambaye hakualikwa na mtu, akainuka AKAGEUZA LAPTOP IMTAZAME YEYE. Watoto wetu wanapunga, kule Glasgow wanaona tai na tumbo.

Kisha akahutubia. Matundu ya vyoo, jamani! Watoto wa Uskoti wanasomewa matundu ya vyoo yaliyokamilika na yaliyofika hatua ya lenta! Mwalimu wao anaitikia kwa kichwa, nadhani alidhani ndilo somo lenyewe. Namwonyesha saa, ananionyesha kiganja. Zoom ya bure dakika 40 inakata, haijui cheo cha mtu. Akasema "kabla sijamaliza, niongeze jambo moja dogo", ikakata. Na BADO akaendelea! Anaiambia skrini nyeusi jambo moja dogo!

Aligeuza laptop, wakuu. Kwa mikono yake miwili.

Binti ananiuliza, "Mwalimu, zamu yetu saa ngapi?"

Mzee wa Kijiweni: Hahaha hatua ya lenta! Namjua huyo. Kwenye mahafali yetu alihutubia mpaka wali ukachacha.

Mama Kulwa: Pole mwalimu. Ila na wewe, linki si unafungua nyingine? Dakika 40 tena hizo, bure.

Mleta mada: Nimefungua! Kule kengele imeshalia, tumekuta viti na mtu wa usafi. Watoto wakampungia huyo huyo. Angeiacha laptop ilivyokuwa!

Pilipili Kichaa: Mwalimu mzima unalia kisa laptop imegeuzwa. Sema tu posho haikutoka.

Mbeba Boksi Leicester: Afadhali nyie mmeonana. Huku saa hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, pengo la saa kati ya huku na nyumbani linatoka mbili linakuwa tatu. Mwaka jana mwanangu na darasa lake waliunganishwa na shule moja ya Moshi, hakuna aliyekumbuka. Moshi wamekaa na sare za sherehe wanatazama ukuta saa nzima. Mwalimu wa huku anaingia, anasema "tumewahi eeh?"

Chaki Mbili: Enzi za Skype tulicheza ule mchezo wa kubahatisha nchi, darasa kwa darasa, maswali ya ndiyo na hapana tu. Mkuu wangu wa shule katundika bendera ya taifa nyuma ya watoto, eti heshima. Mchezo umeisha kabla ya swali la kwanza. Sasa Skype yenyewe ilizimwa Mei 2025, mkuu yupo tu.

Mleta mada: Bendera angalau iko nyuma, chifu. Huyu alikaa MBELE. Aligeuza...

Pilipili Kichaa: ALIGEUZA LAPTOP. Tumesikia, mwalimu.

Wa Kutoka Juja: Nyinyi mnalia laptop imegeuzwa, sisi Kenya 2013 tuliahidiwa laptop za watoto wa darasa la kwanza. Zilipokuja 2016 zilikuwa tablet. Za shule yetu zililala stoo zikingoja stima.

Mama Kulwa: Usiseme tablet nikakumbuka vishikwambi vya sensa ya 2022, vile walivyogawiwa walimu. Changu kinashinda kwa mtu mmoja mkubwa hapa shuleni, mwanawe anaangalizia katuni. Nikiuliza naambiwa kiko kwenye matumizi ya ofisi.

Mzee wa Kijiweni: Na katuni ni matumizi ya ofisi. Changu betri imevimba, nakilalia mbali.

Chaki Mbili: Wewe una kishikwambi. Mimi nastaafu mwakani, nimepiga hesabu ya kikokotoo cha pensheni juzi, nikalala na viatu.

Mbeba Boksi Leicester: Kikokotoo kina uzi wake, msituchanganyie.

Mleta mada: Jamani, tulikuwa kwenye laptop...

Mama Kulwa: Mzee wa Kijiweni, kama chako kimevimba, chaja unaiuza bei gani?