Naomba ushauri: programu ya kupanga, kuhariri na kuchapa picha

Habari zenu ndugu. Napiga picha za harusi na kwanjula (sherehe ya binti kumtambulisha mchumba wake kwa wazazi) hapa Jinja, Uganda. Picha kama 20,000 zimetapakaa kwenye diski mbili. Juzi mama mmoja aliomba picha ya marehemu mumewe, nikaitafuta siku mbili nzima. Iliniuma sana.

Lightroom, programu ya kupanga na kuhariri picha, inalipiwa kila mwezi, siimudu. Nimejaribu digiKam: ni ya bure, inapanga vizuri kwa tarehe na lebo, ila kompyuta yangu ya RAM GB 4 inakwama. GIMP inahariri tu, haipangi.

Je, nikipanga kwa digiKam na kuhariri faili za RAW (picha ghafi za kamera) kwa programu ya darktable, kompyuta hii itahimili? Na picha inayong'aa kwenye skrini mbona inachapwa na giza: nipunguze mwanga wa skrini, au nirekebishe printa? Asanteni.