Hema la turubai au la nailoni? Wikiendi ya vita vya kale, mvua imetabiriwa

Mzigua_B (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni.

Ni miezi mitano sasa nimo kwenye kikundi kinachoigiza maisha na vita vya Zama za Kati. Wikiendi ijayo tunakwenda kulala kambini, Ijumaa hadi Jumapili, na utabiri unasema mvua siku zote tatu. Hema sina. Nimepata mawili ya kuchagua. La kwanza ni la turubai la pamba, mviringo, nguzo moja katikati, upana mita 4. Limetumika misimu miwili, mwenyewe anataka pauni 280. La pili ni jipya la nailoni, la watu watatu, pauni 75 dukani.

Hela ya turubai ninayo, ila nimeidunduliza miezi mitatu, sitaki kuitupa. Kwenye mvua lipi linafaa? Wenye uzoefu tafadhali. Nawasilisha.

Baba Zuhura
Mkuu, bei umetupa, habari umetunyima. Pauni, kwa hiyo uko Uingereza? Unakwenda peke yako au na familia? Una gari? Kikundi chenu ni cha karne ya ngapi, na kinataka hata hema liwe la kale? Bila hayo kila mtu atakushauri kwa hali yake mwenyewe.

Kipepeo_wa_Lindi
Chukua nailoni ulale. Mimi niko Pennsylvania, nimo SCA, chama cha kuigiza Zama za Kati, mwaka wa sita. Chama hiki kilianzia Berkeley, California, mwaka 1966, na huku kwetu kila kiangazi kuna tamasha lake la Pennsic, limeanza 1972, watu kama 10,000 wanakaa kambini karibu wiki mbili. Humo utaona mahema makubwa ya turubai yenye bendera, na ubavuni kuna kihema cha nailoni cha rangi ya machungwa, na hakuna anayemfukuza mwenyewe. Sharti ni kuvaa kitu kinachojaribu kufanana na mavazi ya kabla ya karne ya 17. Hema ni la kukukinga na mvua. Pauni 205 zinazobaki nunua viatu na blanketi la sufu.

Fundi_Seremala
Kipepeo, hiyo ni Marekani. Huku Uingereza vikundi vingi vina kambi mbili. Moja ni ya maonyesho, wageni wanapita mchana kutazama watu wakipika na kuunga pete za deraya. Humo nailoni haiingii. Ya pili iko pembeni, wenyewe wanaiita kambi ya plastiki, huko unaweka hema lolote. Kwa hiyo kabla ya mvua, Mzigua, umepangiwa kambi ipi?

Mzigua_B
Samahanini wakuu, nilikuwa kazini.

Niko Birmingham. Ni tamasha la Tewkesbury, la vita vya tarehe 4 Mei 1471, ila maigizo yenyewe hufanyika Julai. Kikundi chetu ni cha karne ya 15, upande wa York, moja ya koo mbili zilizogombania ufalme wa Uingereza. Kwa sasa mimi ni mbeba maji uwanjani, mwezi wa tisa naanza kufundishwa mkuki. Nakwenda na mwanangu wa kiume, ana miaka 9. Gari sina, tunapanda treni hadi Ashchurch. Kiongozi ameniambia nichague kambi mwenyewe. Moyo wangu uko kwenye ya maonyesho kwa sababu ya mtoto. Anataka kuamka asubuhi akute moshi wa majiko na watu wameshavaa nguo za kale.

Baba Zuhura
Treni! Sasa hilo ndilo la kusema mwanzo. Turubai la mita 4 pamoja na nguzo na vigingi vya chuma halipungui kilo 25, mengine yanafika 35. Ongeza begi, mablanketi, sufuria na mtoto. Kutoka Ashchurch hadi mjini Tewkesbury ni zaidi ya kilomita 3, na mvua kichwani. Nailoni ni kilo nne, unatia begani unakwenda. Kwangu mimi mjadala umeisha.

Mama Nuru
Haujaisha, ndugu yangu. Na wala mimi siwatetei watu wa turubai. Ngoja nisimulie yaliyonipata.

Miaka minne iliyopita nilinunua turubai jipya kabisa. Muuzaji hakuniambia kwamba turubai jipya la pamba lazima ulilowanishe na kulikausha mara mbili tatu kabla halijasafiri. Nyuzi zikilowa zinavimba, zinaziba matundu ya ufumaji na ya mshono, ndipo linapoacha kuvuja. Langu lilikuwa halijaonja hata umande. Tulifika Ijumaa jioni, mimi na binti zangu wawili, tukalisimamisha, likapendeza. Saa nne usiku mvua ikaanza. Mwanzo yalikuwa matone madogo tu, kama mtu anatupigia chafya, yanapenya kwenye mshono. Nikajipa moyo kwamba litavimba. Likavimba kweli, baada ya saa moja yakakoma. Lakini nilikuwa nimesukuma sanduku la nguo mpaka likagusa ukuta, na godoro la mdogo nalo limegusa. Turubai lililolowa ukiligusa kwa ndani, maji yanafuata pale pale ulipogusa. Nilipapasa gizani nikakuta blanketi la mtoto limekunywa maji kuanzia nyayo hadi magotini.

Bado kamba. Nilinunua za katani kwa sababu zinafanana na za kale. Katani ikilowa inafupika. Usiku kucha nilizisikia zinalia, kwii, kwii, zinavuta vigingi, na sikujua kwamba mvua ikianza tu inabidi utoke uzilegeze. Saa tisa kigingi cha upande wa upepo kikang'oka na tope lake, nguzo ikainama, ukuta ukatulalia. Nikaishika ile nguzo kwa mikono miwili mpaka kukapambazuka, binti mkubwa ananimulikia. Alfajiri jirani mmoja wa kambi ya plastiki alikuja na nyundo bila kuitwa. Sitamsahau.

Lililoniuma zaidi lilikuwa la baadaye. Nililikunja likiwa bichi, nikalitia kwenye buti ya gari, Jumatatu kazini, Jumanne kazini. Alhamisi nilipofungua, harufu ilinirudisha nyuma. Koga nyeusi kwenye kila mkunjo, madoadoa kama ya ndizi iliyoiva sana. Nilisugua kwa siki, halikutoka. Pauni 400 sasa zinafunika kuni.

Kwa hiyo Mzigua, unakaa nyumba au fleti? Utalianika wapi?

Kipepeo_wa_Lindi
Pole sana dada. Lakini hayo uliyosimulia ndiyo sababu nasema achukue nailoni.

Fundi_Seremala
Hapana. Turubai halikumwangusha, kilichomwangusha ni kutoelezwa. Hilo la Mzigua lina misimu miwili, limeshavimba na kukauka mara nyingi. Na nailoni nayo ina yake. Haipumui. Watu wawili wanapumua humo usiku kucha, asubuhi dari linatiririka jasho na mtoto anadhani hema limevuja. Ikilowa inalegea, kwa hiyo nako utaamka ukaze kamba. Na "watu watatu" wa dukani ni watu wawili wasio na mabegi. Kwenye turubai unasimama wima, unavua nguo mbichi, unavaa kavu bila kupiga magoti kwenye maji. Siku ya pili ya mvua utajua thamani ya kusimama wima.

Lolote utakalochukua, plastiki ya chini isitokeze nje ya hema hata kidogo. Ikitokeza inakinga maji ya ukutani na kuyaleta chini ya mgongo wako. Na usiweke hema kwenye bonde. Tewkesbury ni pale mito ya Severn na Avon inapokutana, Julai 2007 mafuriko yaliuzunguka mji wote, kanisa kubwa la kale likabaki kama kisiwa. Fika mapema Ijumaa upate sehemu iliyoinuka.

Muuguzi_Asha
Naingilia kwa jambo moja, na naomba lisipite hivi hivi. Msiingize jiko la mkaa ndani ya hema, liwe la turubai au la nailoni. Hata lile mnaloliona limebaki majivu. Sisi tukisikia baridi mawazo yanakwenda kwenye jiko, na hivyo ndivyo watu wanavyolala wasiamke. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Mtoto akipata baridi mvalishe sufu kavu na soksi kavu, umpe chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo miguuni. Pamba ikilowa inamnyang'anya joto, sufu inaendelea kumpa hata ikiwa na unyevu.

Mzigua_B
Asante dada Asha, nimelishika hilo. Mama Nuru, pole, na asante kwa kusimulia yote. Nakaa fleti, ghorofa ya tatu, baraza hakuna. Kuanika sikukufikiria kabisa.

Nyota_ya_Kigoma
Naomba niulize nje ya mada kidogo. Mwafrika katika Uingereza ya 1471, watazamaji hawakuulizi? Si bora uende kama mfanyabiashara wa Kilwa, na mama mtoto siku akija avae kanga zake?

MwanaLamu
Kanga iache, ni ya karne ya 19. Hata neno leso tumelitoa kwa Wareno, na Wareno wamefika pwani yetu 1498. Mfanyabiashara wa Kilwa ni wa kweli, Ibn Battuta alifika huko 1331 na mji ulikuwa unatengeneza sarafu zake wenyewe. Lakini hilo linawezekana kwa kina Kipepeo, ambako mtu anajichagulia anatoka wapi. Kwenye kikosi cha York kilichopigana siku fulani mahali fulani, huyo wa Kilwa amefikaje?

Na Mzigua hahitaji kutoka Kilwa. John Blanke alikuwa mpiga tarumbeta Mweusi wa mfalme Henry VII. Mwaka 1507 alilipwa peni 8 kwa siku, na picha yake ipo, amepanda farasi, amevaa kilemba, kwenye hati ndefu ya mashindano ya Westminster ya 1511. Hiyo ni miaka 40 tu baada ya Tewkesbury. Mwonyeshe mtoto picha hiyo kabla hamjaondoka nyumbani.

Kipepeo_wa_Lindi
Twiga wa Malindi alifika China mwaka 1415, halafu wewe unasema mtu wa Kilwa asingeweza kufika Bristol, bandari ya Uingereza?

MwanaLamu
Twiga ana kumbukumbu, waliompokea waliandika. Leta kumbukumbu ya Bristol nami nitakubali siku hiyo hiyo.

Baba Zuhura
Jamani, tumrudishie mleta mada uzi wake. Mtoto atavaa nini miguuni? Viatu vya ngozi vya mtindo ule vina soli tambarare, kwenye nyasi zilizolowa vinateleza vibaya.

MwanaLamu
Hapo sasa ni kwangu. Watu wa London wa karne ya 15 walivaa vibao vya mti chini ya viatu vyao vya ngozi, vimefungwa kwa ukanda juu ya mguu, ili watembee juu ya tope. Ukiviona tu utasema ni mitalawanda. Babu yangu alikuwa na yake ya kuendea chooni na msikitini, unamsikia ko, ko, ko toka mwisho wa kichochoro. Tofauti ni kwamba yetu ina kijiti cha kushika kwa vidole, yao ina ukanda. Muulize kiongozi wenu, kuna mafundi wanaichonga. Atembee nayo kambini tu, asikimbie. Nje ya saa za wageni mvalishe gambuti.

Mzigua_B
Wakuu, nimempigia mwenye turubai. Anasema koga hakuna ila kuna doa moja karibu na mlango, atanitumia picha. Amekubali 250, lakini kuna mtu mwingine anakuja kuliona kesho saa sita mchana. Mwenzangu wa kikundi ana gari la mizigo, atalibeba kwenda na kurudi. Kulianika hajanijibu. Nikichukua turubai mtoto anaamkia anapotaka. Nikichukua nailoni Jumatatu naenda kazini roho imetulia. Bado sijaamua.

Mama Nuru
Mwambie alipige picha doa kwa ndani na kwa nje, taa ikiwa nyuma yake. Ukiona nukta nyeusi zimeingia ndani ya uzi, achana nalo hata akikupa kwa 100. Kama ni doa la chai au la matope, hilo halina neno. Mimi niko Coventry, gereji yangu ni tupu, unaweza kulitundika Jumapili usiku likakaa wiki nzima. Nitumie ujumbe pembeni.

Fundi_Seremala
Na kamba muulize ni za nini. Kama ni za katani, mvua ikianza legeza, ikikatika kaza.

Kipepeo_wa_Lindi
Mimi bado nasema nailoni, angalau kwa mara hii ya kwanza na mtoto. Lakini vyovyote, tupe mrejesho na picha.

Nyota_ya_Kigoma
MwanaLamu, hiyo mitalawanda bado inachongwa huko kwenu? Nina bustani yenye tope huku Malmö, nimekumbuka ya bibi yangu.

MwanaLamu
Namjua mzee mmoja anachonga, akiagizwa. Nipe urefu wa mguu kwa sentimita, nitampigia baada ya Ijumaa.