Ukame wa 2020 hadi 2023: tupeane uzoefu, ulipoteza nini na ulinusuru nini?

Mfugaji_Kajiado: Salaam ndugu zangu. Misimu mitano ya mvua ilitupita patupu, tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022. Nilikuwa na ng'ombe 64, nikabaki na 9. Kosa langu nalijua: sikuuza mapema. Dalali alinipa elfu thelathini na tano kwa dume, nikaona ananidharau. Miezi minane baadaye dume yule yule hakuweza kusimama mwenyewe. Tulimwinua watu wanne kila asubuhi, hadi asubuhi moja miguu ikakataa kabisa. Leteni na yenu, hata kama inauma.

Mwongoza_Watalii: Pole sana kaka. Nilikuwa Amboseli kipindi hicho. Wengi wanadhani wanyama walikufa kwa kiu. Vinamasi vya pale hulishwa na maji yanayopita chini kwa chini kutoka Kilimanjaro, kwa hiyo maji yalikuwepo. Kilichokosekana ni nyasi. Pundamilia alikuwa anakunywa, anapiga hatua chache, analala, haamki tena. Twiga walistahimili kwa sababu wao hula majani ya mitini. Ripoti ya wizara ya utalii na wanyamapori ya Novemba 2022 ilitaja nyumbu 512 na tembo 205 waliokufa Kenya kati ya Februari na Oktoba, lakini twiga 12 tu. Ndama wa tembo ndio walionitoa machozi: mama amekosa malisho, maziwa yamekatika, mtoto bado anatafuta chuchu.

MamaNdengu: Kitui hapa. Mahindi yalikaukia kiunoni, misimu miwili, ya tatu sikupanda tena. Mama mkwe alikuwa na mbegu ya mtama kwenye kibuyu juu ya jiko, tukapanda hiyo pamoja na ndengu. Tulipata gunia moja na nusu, na hilo ndilo tulilokula. Maji tulichimba kwenye mchanga wa mto, shimo la kina cha mtu na nusu. Unachota kata kwa kata, unangoja yajikusanye, unachota tena. Binti yangu alikuwa anafika shuleni saa nne.

Kimara_Juu: Sisi wa Dar tulionja Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua na mgao wa maji ukaanza. Naamka saa nane usiku kusikiliza kama bomba linakoroma. Boza likifika mtaani, wenye matangi wanajaza kwanza. Bibi mwenye madumu mawili anasubiri.

MamaNdengu: Kaka wa Kajiado, hao 9 wako wapi sasa?

Mfugaji_Kajiado: Wapo, dada, wamezaana wamefika 15. Mwaka huu nyasi zilipoanza tu kuwa za manjano niliuza madume wawili, bado wana mwili. Pesa nikanunua marobota ya nyasi na tangi. Baba hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu alienda mwenyewe kuyafunika marobota kwa turubai.