Wakuu, Dar mpaka Botswana kwa barabara na watu nisiowajua: niende au niache?

Kipepe2: Salaam wakuu. Nimejiunga na grupu la WhatsApp la safari. Tunapita Tunduma, Nakonde, Lusaka, kisha Livingstone kuona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Baadaye tunavuka Zambezi kwa pantoni pale Kazungula, tunaingia Kasane kuangalia tembo wa Chobe. Tupo sita kwenye Noah, mafuta tunachanga. Ninayemjua kwa sura ni mratibu tu. Usingizi sipati. Nibebe dola au kwacha? Na mtu unakaaje garini na watu baki siku zote hizo?

Ngosha_wa_Reli: Beba dola, kwacha utapata huko huko. Vijana wa Nakonde wanaokimbilia magari usibadilishe nao, wanahesabu noti kama wacheza karata tatu. Mimi enzi hizo nilienda Kapiri Mposhi na TAZARA. Mzee mmoja wa Tukuyu alipanda na mkungu wa ndizi, tukaula behewa zima mpaka Mpika, na jina lake sikuuliza. Ukivuka Nakonde rudisha saa nyuma saa moja. Kuna jamaa yetu alisahau, akawa anawaamsha watu usiku wa manane.

Mama_Mbalizi: Mwanangu, una mke? Amekubali? Kwenye hao sita wanawake ni wangapi?

Kipepe2: Mama shikamoo. Mke anajua. Wanawake ni wawili, wanajiheshimu.

Mama_Mbalizi: Marahaba. Umejuaje wanajiheshimu na hujawahi kuwaona?

Jongoo_Kiatu: 😂😂 Mama kapiga penyewe.

Utingo_Mstaafu: Mleta uzi, kadi ya njano mnayo?

Kipepe2: Ninayo mkuu, homa ya manjano nilichanja mwaka jana.

Utingo_Mstaafu: Nauliza ya gari, bima ya COMESA. Zambia itakubeba, ukiingia Botswana unakata bima yao mpakani. Nyama mbichi msibebe, Botswana wanaogopa ugonjwa wa miguu na midomo, mtakanyagishwa dawa na viatu vyenu. Na Kasane kwenda Nata msiendeshe usiku, tembo wanasimama katikati ya lami. Haya, hiyo Noah ya nani?

Kipepe2: Ya kikundi.

Utingo_Mstaafu: Kikundi hakiandikwi kwenye kadi ya gari. Jina la nani?

Jongoo_Kiatu: Kimya tangu jana. Nimekaa pale nasubiri.

Kipepe2: Nilikuwa kazini wakuu. Sawa, limeandikwa jina langu. Hela ni ya mratibu. Yeye TIN yake ina deni, ndiyo akaniomba mimi. Ili nisije nikamdhulumu, nimemsainia mkataba wa mauziano, sehemu ya mnunuzi tumeiacha wazi. Naona ni haki yake, hata mimi ningetaka hivyo. Jamaa ni mtu wa dini na ananipunguzia mchango wa mafuta. Swali langu lilikuwa la dola na kwacha.

Utingo_Mstaafu: Dola na kwacha! Kijana, pale Nakonde gari la nje linaingia kwa kibali cha muda, na kibali kitaandikwa jina lako. Gari lisipotoka Zambia, ushuru wanakudai wewe. Akishuka Lusaka akajaza jina la mnunuzi kwenye huo mkataba, kila karatasi inasema wewe ndiye uliyeuza. Yeye hayupo popote.

Kipepe2: Mkuu unamfikiria vibaya mtu usiyemjua.

Utingo_Mstaafu: Na wewe unamjua?

Ngosha_wa_Reli: Ndiyo maana mimi nilipenda treni. Treni huwezi kuandikishwa jina lako.

Mwanasheria_wa_Kijiweni: Wakuu, tunapigwa chai hapa. Rudini kwenye posti ya kwanza. Anasema watavuka Kazungula kwa pantoni. Daraja la Kazungula lilifunguliwa Mei 2021, lina mita 923, limepindishwa makusudi lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Magari yote yanapita juu. Huyu kaokota stori ya zamani akaongeza Noah. Modi, uzi uhamishiwe jukwaa la hadithi.

Jongoo_Kiatu: Na mimi nilishaanza kumhurumia 😂 Leteni sukari.

Mama_Mbalizi: Kumbe nimeamkiwa na muongo.

Kipepe2: Sijatunga! Pantoni imo kwenye ratiba ya mratibu, hii hapa nainukuu: "Kazungula, kivuko, foleni ya malori siku moja au mbili." Anasema njia hiyo ameshaipita mara nyingi, na mwaka jana alikuwepo.

Utingo_Mstaafu: Soma tena ulichoandika, taratibu.

Mwanasheria_wa_Kijiweni: Basi nahamisha chai, inaenda kwa mratibu. Mtu aliyepita mwaka jana hawezi kupanga foleni ya kivuko. Ratiba ameinakili mahali, Kazungula hajafika, na labda hana mpango wa kufika. Mleta uzi, piga picha kadi ya gari, ficha namba, tuione.

Kipepe2: Kadi anayo yeye.

Utingo_Mstaafu: Kesho asubuhi polisi, uandikishe taarifa ya huo mkataba, halafu TRA. Dola utauliza ukirudi.

Kipepe2: Tunaondoka kesho saa kumi alfajiri. Nikijitoa leo, wenzangu watanielewaje?

Binti_Chapati: Samahani wakuu, akijitoa kile kiti ni bei gani?